Nassor Kabati, wa timu yetu isiyofungwa

Akili inakataa, jamani. Nassor wetu, Kabati, tumemzika jana baada ya Laasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa msiomjua: alikuwa mwenzangu wa chuo, kisha mwenzangu wa kazini. Gari yake ilipinduka milimani, njia ya Qurayyat, akienda site, kukagua kazi.

Ile safari ya site ilikuwa zamu yangu. Mwanangu aliamka na homa, nikampigia Nassor simu. Hata sikumaliza kueleza. "Khalas, kaa na mtoto. Mie nakwenda."

Mtoto keshapona. Leo asubuhi anarukaruka kitandani, na mimi nashindwa kumtazama.

Tulijuana chuoni, hapa hapa Maskati. Kocha wetu alikuwa amesoma Marekani, akaja na ule mpira wao ulio kama yai, wa kukamata kwa mikono na kugongana. Mama zetu wakadhani tumeingia jeshi.

Mimi nilikuwa mrushaji. Kazi ya Nassor ilikuwa kusimama mbele yangu, ili wanaokuja kuniangusha wamkute yeye kwanza. Basi. Msimu mzima sikumbuki kumwona ameshika mpira. Mnene, kasimama pale pale kama kabati la nguo, ndiyo maana tukamwita Kabati.

Na msimu ule hatukufungwa na mtu! Chuo kidogo cha miaka miwili, jezi za kuazima, tukawapiga wote, hata wale walioshuka kwenye basi wakitucheka.

Siku moja mazoezini, kule ufukweni Azaiba, jua linachoma, nikamuuliza, "Wewe huchoki kupigwa kwa ajili yangu?"

Akafuta jasho. "Mie mnene, wewe mwembamba. Mungu kapanga." Akachukua maji yangu, akayamaliza yote.

Mechi ya mwisho jamaa mmoja alikuja mbio upande ambao sikuwa natazama. Nilisikia kishindo tu, Nassor kampokea kwa kifua. Oh my God, kile kishindo! Nikarusha, mwenzetu akadaka, tukashinda.

Ile picha mnayoisambaza tangu jana ndiyo ya siku ile, mimi nimebebwa juu juu. Mnauliza Nassor yuko wapi hapo. Hayumo. Alikuwa nyuma ya basi letu anatapika kwa lile pigo, na mimi napungia watu mkono.

Ofisini alikuwa vile vile. Meeting ikiwa na bosi mkali, yeye huingia kwanza. Akitoka ananikonyeza: "Nimeshamlainisha, ingia."

Jana matangani nilikaa kona ya wanaume, nisionane na mama yake. Mwenyewe akanitumia mtu. Nikamkuta mlango wa jikoni, mtandio umelowa machozi, nyuma yake vikombe viwili vya chai, chake na cha Nassor. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri.

"Mama, ile safari..."

"Nnajua ilikuwa yako," akasema. "Aliniambia asubuhi ile. Nikamwambia anywe chai kwanza, akasema atachelewa." Akajifuta uso kwa mtandio. "Mtoto wako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Alhamdulillah. Mlete nimwone."

Wallahi, angenizaba kibao ningepata nafuu.

Nyinyi mnaoniandikia "si makosa yako", ahsanteni, nnajua mnanipenda. Mke wangu naye kanambia hivyo hivyo, mpaka kachoka. Lakini kila nikifumba macho naona usukani, na mikono iliyoushika si yangu.

Kesho nampeleka mwanangu kwa mama yake Nassor. Sijui nitaingiaje mlango ule. Sijui akimpakata nitatazama wapi. Lakini kaniambia nimlete, nitampeleka, na wiki ijayo nitampeleka tena.

Nassor, kaka yangu, nisamehe. Mama yako nitamwangalia, na wala sisemi hivi ili nijisafishe. Nasema kwa sababu anapika chai ya watu wawili bado, na lazima awepo mtu wa kuinywa.

Pumzika sasa, habibi. Mungu akulaze mahali pema.