Mchambua matunguu ya maua aliyeziona nyota zilizofutwa

Saa mbili asubuhi, Tjitske Wiersma anasogeza kahawa mbali na kompyuta, anavaa miwani yake ya kusomea na kuinamia skrini. Mbele yake ni weusi mtupu wenye vidoa vichache. Ni eksirei zilizosafiri maelfu ya miaka kutoka kundi la nyota zilizosongamana kama nyuki mzingani, zikanaswa na darubini iliyoko angani.

"Zinazong'aa kila mtu anaziona," anasema mama huyu wa miaka 59. "Mimi naajiriwa kwa zile zinazojificha."

Hakusomea nyota. Kwa miaka 22 alichambua matunguu ya maua, yale yanayopandwa kama mbegu, ghalani karibu na Lisse, Uholanzi, akitoa mabovu kwa jicho tu, mpaka ikaletwa mashine. Akakaa miezi saba bila kazi. Ndipo aliposikia kwamba taasisi moja ya Leiden inatafuta wakaguzi wa picha za anga.

"Nilijua watanicheka. Hawakunicheka. Walinipa kiti."

Mwaka juzi nusura kiti hicho kimponyoke. Programu mpya ilimaliza ukaguzi kwa dakika nne, na mkataba wake ulibakiza wiki sita. Katika picha moja, programu ilifuta kidoa cha chembe tano tu za eksirei, zilizokusanywa kwa saa ishirini. Yeye akakizungushia duara.

"We Tjitske, hizo si kelele za mitambo tu, vidoa vya uongo?" mkuu wake, Dakta Ruurd Bakkum, alimtania. "Chembe tano! Hata mende hashibi."

"Kelele hazirudi mahali pamoja mara tatu, bwana mkubwa," alimjibu, akamtandazia mezani picha za miaka mitatu tofauti. Kidoa kilikuwa palepale.

Bakkum aliziinamia picha moja baada ya nyingine. Kisha akaomba darubini ielekezwe huko tena, kwa muda mrefu zaidi. Kumbe ni nyota mfu, inanyonya gesi ya jirani yake taratibu. Programu ilikuwa imefuta kumi na moja za namna hiyo.

Ripoti ilipotoka, jina la Tjitske lilikuwa la tatu katika orodha ya waandishi, na mkataba ukarefushwa.

"Nililia chooni nisionekane," anasema, akicheka. "Dakta Bakkum angeweza kukaa kimya, nani angejua? Akawaambia wakubwa, 'Huyu akiondoka, na mimi naondoka.' Mungu ambariki, ingawa kahawa yake haifai."

Kundi hilo la nyota halichomozi kabisa katika anga ya Uholanzi. Tjitske anajiwekea akiba ya safari ya Namibia, Agosti ijayo, ambako linaonekana bila darubini.

"Miaka tisa limenilisha," anasema. "Nataka nisimame chini yake nilitazame kwa macho haya, niseme asante."