Mwanamke Aliyenichagulia Taa za Miche

Usiniambie niliota. Watu wengi wamenijibu hivyo, hata wa kanisani kwangu, na nimechoka kubishana. Giza lilikuwa limeingia muda mfupi tu, barabara ya Waiyaki bado inanguruma kwa magari ya watu wanaotoka kazini, na mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Sikuwa nimekunywa chochote isipokuwa chai. Niliyoyaona niliyaona. Sikiliza kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Mwikali. Kumwita rafiki ni kupunguza. Mimi ni mtu wa Kakamega, yeye ni wa Mwala kule Ukambani, na tulikutana kwenye kwaya ya kanisa Waithaka, hapa Nairobi, tukiwa bado wasichana. Mume wangu alipofariki, Mwikali ndiye aliyelala kwangu usiku baada ya usiku mpaka nikaweza kulala peke yangu. Watoto wangu walimwita mama mdogo. Kwa hiyo aliposema tuanzishe kitalu cha miche, ningeuliza nini? Alisema kazi hiyo anaijua, aliwahi kuifanya na mtu fulani zamani.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Aah, huyo alishakufa," akasema, tukaendelea na mengine.

Tulikodi kipande cha shamba Kinoo, tukajenga grinhaus, kibanda cha mbao na nailoni cha kukuzia miche. Hoho, nyanya, stroberi, tulipanda kila kitu, na miche yetu ilikuwa na sifa. Kisha jirani akaanza kujenga flati. Kila ghorofa ilipopanda, jua letu lilipungua, mpaka ikawa saa nne asubuhi bado tuko kwenye kivuli kama watu waliofungiwa ndani ya kabati. Miche ikaanza kurefuka bila nguvu, shina jembamba kama uzi, rangi imepauka, na yote imelalia upande mmoja ikitafuta mwanga. Na hapo ndipo tulikuwa tumepata kazi ya maisha. Shamba moja kubwa upande wa Limuru lilitaka miche ya hoho. Wakiipenda, wangechukua kwetu kila msimu. Mjane mwenye watoto watatu shuleni anajua maana ya maneno "kila msimu."

"Tununue taa," Mwikali akasema. "Wewe nenda tao, unajua kuongea na watu. Mimi nitabaki kumwagilia."

Nikaenda. Kuna jengo katikati ya mji, ukipanda ngazi unakuta vibanda vya taa na vifaa vya stima vimebanana. Siku hiyo karibu kila kibanda kilikuwa kimewasha taa za mimea za rangi ya zambarau, ukipita unafikiri umeingia kwenye karamu ya harusi. Muuzaji mmoja akaniwashia yake machoni.

"Mathe, hii ndio moto. Wati elfu moja! Hata ukipanda jiwe litaota."

Nilikuwa karibu kumwamini. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo namba ni ya boksi. Muulize inakula stima kiasi gani kweli."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, amevaa dastikoti la kijani, koti refu la kazi, na kitambaa cheupe kichwani, na kucha zake zilikuwa na udongo, udongo mwekundu wa kwetu huku Dagoretti. Nikamuuliza muuzaji swali lile. Akakuna kichwa, akageuza boksi, akakubali kwamba inakula kidogo sana kuliko ile namba kubwa ya mbele. Kitu ambacho sikukitilia maanani wakati huo ni hiki: muuzaji hakumtazama yule mwanamke hata mara moja. Alinijibu mimi tu, kana kwamba niko peke yangu.

Mama yule alinisaidia kama ndugu wa tumbo moja. Alinieleza kwamba zambarau inakuza miche, ndiyo, lakini jani lote linaonekana jeusi, huwezi kuona ugonjwa ukianza. "Na hata mtu akisimama chini yake," akasema, "huwezi kumtambua uso. Chukua nyeupe." Akaniambia nitafute zilizozibwa vizuri, kwa sababu grinhaus hutokwa na jasho na maji yakiingia kwenye taa umekwisha. Nizining'inize kwa mnyororo, si kwa msumari, ili nizipandishe miche inapokua. Niweke kiganja juu ya majani. Kiganja kikichomeka, jani nalo linachomeka. Na usiku nizizime. "Mmea nao unataka kulala," akasema.

"Nani alikufundisha yote haya?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na chumba Waithaka, hakina dirisha. Nilijifunza humo."

"Mimi pia nakaa Waithaka! Unaitwa nani?"

"Wanza."

Akaniuliza kama nafanya kazi peke yangu. Nikamwambia nina mwenzangu. Akataka kujua jina lake, nikamwambia ni Mwikali. Alishika boksi la taa nyeupe, akaligeuza polepole mikononi, kisha akanikabidhi.

"Nitakuja kuona zikiwaka," akasema. "Nielekeze."

Na mimi, niamini, nilimwelekeza vizuri kabisa. Ukipita petroli stesheni, kando ya flati mpya, geti la bluu. Nilipomaliza kulipa nikageuka kumuaga, hakuwepo. Nikafikiri ana haraka zake.

Nilimweleza Mwikali kwamba kuna mama mmoja amenisaidia. Jina sikulitaja, halikuja tu mdomoni. Mwikali akanikumbatia. "Mungu hutuma watu," akasema.

Zile taa zilifanya kazi, siwezi kukudanganya. Miche ikaacha kulala, shina likanenepa, majani yakawa ya kijani kibichi ambacho unatamani kukila. Mtu wa shamba la Limuru alikuja akaiangalia, akaishika, akapiga mluzi. Kesho yake asubuhi tungeipeleka.

Jioni hiyo Mwikali akaniambia, "Dada, nenda nyumbani mapema upumzike, kesho ni kazi. Mimi pia natoka sasa hivi." Tukaagana getini. Nilikuwa nimeshafika barabarani, nasubiri kuvuka, niliposikia mtu ananiita. Alikuwa Wanza, dastikoti lile lile la kijani, kitambaa kile kile.

"Nimekuja kuona taa," akasema.

Ungemkataa? Mtu aliyekufaa vile? Nilirudi naye. Nilifungua geti, nikaingia ndani ya grinhaus, nikawasha. Mwanga mweupe ukamwagika juu ya trei zote. Wanza akaanza kutembea katikati ya miche, mkono wake ukipita juu ya majani bila kuyagusa. Mimi namfuata nikiongea, najisifu, ona hii, ona ile.

Kisha nikatazama chini. Kivuli changu kilikuwa pale, kimekaa miguuni pangu. Yeye hakuwa nacho. Taa zilikuwa juu yake kama zilivyokuwa juu yangu, lakini sakafu chini yake ilikuwa nyeupe tu.

Nilipoinua macho ndipo nikaona miche. Unajua mche ukitaka kugeukia mwanga huchukua siku nzima, huwezi kuuona ukigeuka. Hii niliiona. Alipopita, iligeuka na kumfuata, trei baada ya trei, kama watu kanisani wanavyogeuka bibi harusi akipita. Taa ziko juu, lakini majani yote yalikuwa yanamwangalia yeye.

"Wewe ni nani?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Nyamaza," akasema. "Anakuja."

Geti likafunguliwa. Nikasikia injini ya pikapu ikiingia, ikizimwa. Kisha sauti ya Mwikali, sauti ninayoijua kuliko ya ndugu zangu, akimwambia dereva: "Ona, ameacha taa zinawaka. Tubebe miche yote haraka. Inaenda kwangu Kikuyu usiku huu. Watu wa Limuru nimeshawaambia yule mwenzangu aliacha kazi. Kuanzia sasa wanajua ni mimi peke yangu."

Nitakuambia ukweli. Wakati huo nilikuwa na mfu kando yangu, na sikumwogopa. Nafasi ya kuogopa haikuwepo. Niliwaza watoto wangu wakimkimbilia mama mdogo getini. Niliwaza usiku ule wote aliolala kwangu, mkono wake mgongoni mwangu, nikajiuliza kama hata wakati ule alikuwa anahesabu.

Akaingia amebeba kreti tupu. Aliniona mimi kwanza, na heri asingejaribu kutabasamu.

"Dada! Kumbe hujaenda? Mimi nilikuwa nataka..."

Hapo akamwona Wanza. Kreti ikaanguka. Uso wake chini ya ule mwanga ulionekana wote, kila mkunjo.

"Wanza," akasema. "Wewe ulizikwa."

"Utajuaje?" Wanza akajibu, kwa upole tu. "Hukuja kunizika. Ulikuja wodini Parklands. Uliniletea ndizi, ukakaa kwenye kitanda changu, ukaniombea. Nikakuuliza miche yangu iko aje, ukasema iko salama. Na ulikuwa umeshauza yote, hata taa, hata chumba umekirudisha kwa mwenyewe. Nilikufa nikifikiri nina mahali pa kurudi."

Mwikali alipiga magoti kwenye matope. Alikuwa anasema nisamehe, nisamehe, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na hakuwa ananiangalia mimi. Mimi alikuwa amenisahau.

"Nimekutafuta sana," Wanza akasema. "Lakini gizani watu wote hufanana. Nilitaka mahali penye mwanga mweupe."

Taa zikaanza kuongezeka. Sijui nikuelezeje. Hazikuwa na nguvu hiyo, nilizinunua mwenyewe. Mwanga ukawa mkali mpaka nikaona mifupa ya mkono wangu kupitia nyama. Miche yote ikamlalia Wanza, na nikaona rangi ikiitoka, kijani kikirudi nyuma kutoka kwenye ncha za majani kama maji yanayonywewa na mchanga.

Nikapiga kelele. "Wanza! Hii miche ni ya watoto wangu! Mimi nilikukosea nini?"

Akanigeukia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa ule ule wa siku ile mjini, uso wa mtu anayekusaidia.

"Wewe? Hujanikosea," akasema. "Ulikuwa na taa tu."

Kukawa giza. Nilisikia Mwikali akikimbia, akigonga nguzo, pikapu ikirudi nyuma kwa fujo. Dereva yule nilimtafuta baadaye. Aliniambia aliona mwanga mkali na wanawake wawili, mimi na Mwikali, na kwamba nisimpigie simu tena.

Asubuhi miche yote ilikuwa myeupe kama nyasi iliyokaa chini ya jiwe. Ukiigusa inavunjika. Watu wa Limuru, walipoona hatufiki, walikuja wenyewe, wakatazama, wakaondoka bila kunisalimia. Na kule kanisani, kabla sijafika Jumapili, habari zilikuwa zimeshafika: kwamba mimi ndiye niliyenunua taa mbovu, nimeunguza jasho la Mwikali, sasa namsingizia mambo ya majini. Wengi walimwamini. Alikuwa na sauti nzuri kwenye kwaya.

Siku hizi nalima sukuma wiki Waithaka, shamba la wazi, jua la Mungu. Tunakula. Watoto waliuliza mama mdogo yuko wapi, nikawaambia alirudi kwao, na huo si uongo. Alirudi Mwala. Miezi mingi baadaye alinipigia simu. Nilitambua anavyopumua kabla hajasema kitu.

"Amewahi kukurudia?" akauliza.

"Hapana."

Akaanza kulia. "Kwangu anakuja kila nikiwasha taa," akasema. "Hata kiberiti. Napika gizani, dada."

Alitaka nimwambie pole. Miaka yote ya urafiki wetu ningemwambia, ningeacha kila kitu nipande basi nimfuate. Nilishika simu mpaka ikakatika yenyewe. Nilimwonea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko alichonifanyia, kwa sababu ilinionyesha kwamba bado nampenda.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ambaye labda umeshanicheka moyoni, shika hili moja. Rafiki akikusaliti, utalia, lakini utajua umesalitiwa na nani. Jihadhari na yule usiyemjua anayekufaa bila kukuomba chochote. Mshukuru, beba mzigo wako, nenda. Akikuuliza unafanya kazi na nani, na mahali penu ni wapi, mwambie humjui mtu yeyote, na huna kwenu. Huenda si wewe anayemtafuta. Lakini atapitia kwako, na akimaliza, hataangalia nyuma kuona alichokanyaga.