Masale Niliyoyahamisha Juu ya Chemchemi

Mwenzangu, nimekosa, na tafadhali usinihurumie kabla hujanisikia. Maji ya kijiji chetu niliyaharibu mimi. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mtu mzima ninayeimba kwaya kanisani kila Jumapili!

Kwetu ni huku milimani Lushoto, kijiji sitakitaja. Chemchemi yetu inatoka chini kidogo ya mgongo wa mlima, na juu ya mgongo huo kuna shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Ukisimama pale unaiona Mazinde yote kule bondeni, na magari ya barabara kuu kama punje za mtama.

Tulipopanga matumizi ya ardhi, kijiji kizima kilikubaliana kwamba karibu na chemchemi hakuna kujenga wala kuchimba choo. Wapimaji waliahidi kuja na vyombo vyao, hatukuwaona. Basi tukaweka mpaka kwa namna tunayoijua sisi: masale, ile mimea ya majani marefu ambayo ikishasimama mpakani hakuna anayeigusa. Ndugu wanaweza kugombania shamba mpaka wakanyimana salamu, lakini masale watayaacha yalipo. Sheria ndogo ikaandikwa hivyo hivyo, kwamba eneo la chemchemi ni lote lililo ndani ya masale. Kipande changu cha juu kikaingia humo, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Kisha mwanangu akarudi. Sina mwingine ila huyo. Alikuwa mpishi wa hoteli huko Arusha, nikawa namwona Krismasi kwa Krismasi.

"Mama, nimechoka kupikia wageni wa watu," akaniambia. "Nataka nijenge nyumba ya wageni hapa hapa, pale juu."

Nikamjibu kwamba pale ni ndani ya masale. Akasema, "Basi mimi narudi Arusha."

Jamani, moyo ulinikatika! Nilikuwa nimeshazoea kusikia mtu anakohoa chumba cha pili.

Siku ya gulio la Lukozi watu waliondoka na mboga zao, mimi nikasema mguu unaniuma, nikabaki. Ilikuwa masika, udongo laini. Nikayang'oa masale ya upande wa juu, nikayateremsha hadi karibu kabisa na chemchemi, nikayapanda upya. Mashimo ya zamani nikayafukia na kutupia maharage juu yake. Isale halina shida, ukilichomeka kwenye unyevu linashika.

Nilipokuwa nanawa tope mferejini, Mama Eliza akapita akitoka gulioni. Huyu ni jirani yangu, tumezeeka pamoja.

"Onga mshi, mwenzangu!" akanisalimu Kishambaa. "Si ulisema mguu unauma? Mbona uko shamba?"

"Nimejikongoja tu, nipande maharage kidogo."

"Unajitesa bure! Ungesema nikupandie." Akanitolea ndizi kwenye kapu lake. Na nilizila zile ndizi, mwenzangu, nilizila zote!

Afisa wa wilaya alipokuja na mtendaji wetu wa kijiji kukagua kiwanja cha mwanangu, aliuliza mpaka wa chemchemi uko wapi. Mama Eliza ndiye aliyejibu kwa sauti, "Hayo hapo masale, baba. Tumeyapanda kwa mikono yetu wenyewe." Kama kuna aliyeona yamesogea, nadhani alijiambia kwamba macho yake ndiyo yamekosea. Kwetu hakuna anayefikiri kwamba mtu anaweza kuhamisha masale. Nikasaini kwa niaba ya kamati, na kibali kikatoka.

Nyumba ikajengwa, nzuri kwelikweli. Karo la vyoo likachimbwa nyuma yake, upande wa kijiji, maana upande wa mbele wageni wanataka kutazama Mazinde.

Masika iliyofuata maji yakaanza kunuka. Watoto wakaharisha, watu wazima wakalazwa kwa homa ya matumbo. Afisa akachukua maji kwenye chupa, akarudi na jibu kwamba yana kinyesi.

Mkutano wa kijiji ukaitwa, tukaanza kutafuta mchawi. Nyumba ya mwanangu ina kibali na iko nje ya masale, kwa hiyo haikuguswa. Pembeni yake kulikuwa na banda la ng'ombe wa Mama Eliza. Lilikuwepo kabla ya sheria, lakini halikuwa na kibali wala karatasi yoyote. Watu wakapiga kelele livunjwe.

Mama Eliza akanigeukia. "Mwenyekiti, wasemeshe hawa. Wewe unalijua banda langu. Mbolea yote naipeleka shambani, haiteremki huko."

Mkutano mzima ukanitazama. Nikasema, "Sheria ni sheria."

Loh! Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu! Wakalivunja banda, akauza ng'ombe wake wote, na hao ndio waliokuwa wanasomesha wajukuu zake.

Maji hayakuacha kunuka. Nikapanda kwa mwanangu, nikamkuta anamenya viazi vya wageni. Nikamwomba alizibe lile karo.

"Mama, nina kibali. Masale yako kule chini, na aliyesaini ni wewe."

Nikamweleza yote. Aliacha kumenya, akaweka kisu chini. "Basi kaa kimya," akasema. "Ukisema wataivunja hii nyumba, na mimi hutaniona tena."

Nimekaa kimya, na bado simwoni. Anaishi huko huko juu, na chumba cha pili hakina mtu. Jumapili moja nilisimama kanisani niseme. Nilipofungua mdomo nikaomba waniombee mguu wangu.

Sasa chemchemi imezungushiwa miiba. Afisa anasema hata uchafu ukizuiwa leo, popote unakotoka, udongo umeshanyonya, na hajui utasafishika lini. Wanawake wanavuka bonde kufuata maji. Masale yangu yamenenepa, yamefunga vizuri, ungedhani yamekuwa pale tangu enzi za mababu.

Ninyi mnaokaa kwenye kamati za vijiji, nisikilizeni! Msidhani mnamsaidia mtoto wenu kwa kumsogezea mpaka. Hiyo sheria haina askari, haina ukuta, inasimama kwa sababu majirani wanakuamini. Ukishaivunja wewe uliyepewa kuilinda, itawaangukia wasio na kosa, na hutapata pa kuanzia kurekebisha. Mimi sijapata, na sidhani nitapata.

Kinachonimaliza ni Mama Eliza. Kila anapotoka huko ng'ambo ya bonde, kabla ya kufika kwake, ananimiminia nusu ya ndoo yake. Anasema siwezi kupanda mlima ule na mguu wangu mbovu. Leo asubuhi kaja tena, jasho linamtoka, ndoo kichwani.

"Mguu unaendeleaje, mwenzangu?"

Nikamwambia bado unauma, nikamletea mtungi.