Nyumba Ndogo ya Baba

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mashati ya baba yalianza kunuka gundi. Harufu ya jasho na ya vumbi la ghala alikokuwa karani nilishaizoea; hii ilikuwa kali, imechanganyika na rangi ya mafuta, na ilinipanda puani kila nilipomkimbilia kumpokea mkoba. Tulikaa Gongo la Mboto, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Baba alizaliwa Tabora, na honi ya treni ikilia aliacha hata kula ili asikilize. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilikuwa mbea tangu nazaliwa, na ile harufu nikaiweka moyoni.

Kisha nikamkuta na futi kamba chumbani kwangu, mama akiwa sokoni. Alipima kutoka ukutani mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka dirishani, akaandika kwenye kiganja. Nilipomuuliza anapima nini alisema, "Napima joto," akacheka peke yake. Jumamosi akawa anachelewa kurudi, na akiulizwa anasema alipitia Temeke kwa Mzee Abbas, mzee wa Kihindi aliyeuza vipuri vya vyerehani. Nyumbani kwetu hapakuwa na cherehani. Mama aliridhika na jibu hilo, mimi sikuridhika hata kidogo.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, baba alizunguka nyuma ya jiko na simu yake. Nikajibanza kando ya tangi la maji na kutega sikio. "Nimefikiria sana," alisema. "Kubwa siiwezi, itanimalizia nafasi yote. Nachukua nyumba ndogo. Ila Mama Neema asijue kabisa." Neno hilo nililijua kutoka kwa Dada Rehema, jirani aliyenisuka nywele: nyumba ndogo ni mwanamke wa pembeni, anayefichwa na mume wa mtu, na katika kila kisa alichosimulia kibarazani kwake mke aliishia kufunga mabegi na kurudi kwao. Kwao mama ni Singida. Wiki nzima nilikaa roho juu, nikimtazama mama akipika kana kwamba ameshaanza kusafiri, nikimchukia baba kwa jinsi alivyokula kwa furaha.

Jumamosi nikamwambia mama. Alizima jiko la mafuta ya taa, akanitazama. "Umesikia mwenyewe, au umeambiwa?" Nikasema nimesikia mwenyewe. Akajifunga kitenge, akanishika mkono, tukaenda Temeke.

Kijana wa dukani alituelekeza chumba cha nyuma. Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni na rula mkononi, Mzee Abbas amekaa kwenye kigoda. Mama, ambaye hakuwahi kuingia popote bila kubisha hodi, alisema, "Baba Neema, nyumba ndogo iko wapi?" Mzee Abbas hakuelewa kitu. Aliinua kijinyumba cha kadibodi kwa vidole viwili akasema, "Hii hapa, mama. Kubwa ile pale, lakini treni yake haitakata kona chumbani kwa mtoto."

Ilikuwa nyumba yetu. Mlango wa bluu, mpapai, hata tangi nililojibanza kando yake. Kwenye meza, ambako Mzee Abbas alitengeneza treni za kuchezea kwa kujifurahisha baada ya kazi ya vipuri, palikuwa na mbili: kubwa, ambayo kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba, na ndogo, mara mia na sitini. Ukishachagua kipimo kimoja, reli, behewa, nyumba na watu vyote lazima vikifuate, ndiyo maana baba alipima na kufikiria mwezi mzima. Treni ilikuwa zawadi yangu ya Krismasi. Mama alifichwa kwa sababu hana kifua, angenitobolea siri siku hiyohiyo.

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee Abbas, alipoeleweshwa, aliagiza soda. Baba hakucheka. Alinitazama mimi, akasema taratibu, "Si ungeniuliza tu, mwanangu." Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Krismasi treni ilizunguka ubao na kupita chini ya kitanda changu, na niliipenda. Lakini tangu siku ile, hata akienda kununua chumvi, baba alikuja kwanza kuniaga mimi: anakwenda wapi, atarudi saa ngapi. Nilidhani ananitania.

Sasa naishi Tegeta, na kijinyumba kile kipo kwenye rafu yangu, rangi ya bluu imebanduka. Mume wangu akitoka nje na simu, sikio langu humfuata. Najilaumu, kisha nasikiliza. Baba amestaafu, yuko palepale Gongo la Mboto. Nikimpigia, kabla sijamaliza shikamoo, ananiambia yuko wapi na yuko na nani.