Kilemba cha ngariba kilivyokiokoa chumba chetu cha vidonda

Wakuu wa baraza, salaam aleikum, na wale wa kanisani hamjambo. Karatasi nimeibandika hapa ukutani kama kawaida yetu, wino nimeuacha chini. Nikitia chumvi, aliyekuwepo anikosoe hapa hapa.

Mimi ni karani wa spitali hapa Bagamoyo. Zamani nilikuwa mpagazi. Nilirudi kutoka bara mguu unanuka, wenzangu wakaniacha njiani, na chumba cha vidonda ndicho kilichouokoa.

Kwa hiyo haya yananiuma kuliko mnavyodhani.

Daktari wetu Mzungu alikuwa amewafundisha vijana sita uganga wa jumla. Wakahitimu. Sasa kila mmoja achague chumba kimoja, akae nacho miaka miwili mpaka abobee: macho, mifupa, homa au vidonda.

Macho wakajaa. Nani asiyatake? Mgonjwa anafunguliwa kitambaa, anaona, anakuombea dua na kuku anakuletea.

Vidonda, hakuna hata mmoja.

Daktari akaniambia, "Karani, misafara ya pembe za ndovu inakaribia kushuka. Usiponipatia mtu, chumba nakifunga."

Niliwafikiria wapagazi watakaofika na miguu kama wangu.

Mtu niliyemtaka nilimjua. Athumani wa Zinga, mtulivu, usaha haumkunji uso. Kabla ya kuja kwetu alifundishwa na ngariba wa kwao, yule anayetahiri watoto jandoni. Mkono wake kwenye jeraha ni mwepesi mno.

Nikamfuata na maneno matamu. Kanzu mpya, chumba chenye dirisha, wali kila siku. Akakataa.

Nikabeba halua mpaka kwa baba yake. Baba akakubali, kijana akakataa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba anaogopa harufu. (Ujinga wangu huo, msinicheke.)

Kesho yake akanijia, macho chini.

"Shikamoo mzee. Harufu siiogopi. Fundi wangu, yule ngariba, nilimtoroka, sikumvika kilemba cha kumshukuru kwa mafunzo. Kidonda nitakachokigusa bila radhi yake hakitapona. Mifupa sawa, hiyo hakunifunza yeye."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mtu wa pwani mzima, nimekwenda kwa baba na fundi nimemruka!

Tukanunua kilemba cheupe na ubani kwa Mhindi, tukashika njia ya Zinga.

Ngariba, Fundi Mwinyimvua, alikuwa kibarazani kwake, kajifunika shuka miguuni. Hakuinuka kutupokea. Nikajua tumekwisha.

"Ndo leo mwaijua njia?" akafoka. "Nawe karani, mwanafunzi wangu wamposa kwa babake! Babake kamfunza nini, kupanda mihogo?"

Athumani akapiga magoti, akamvika kile kilemba. Mzee akakipapasa kichwani, nami nikaanza kuhesabu vidole vya miguu yangu.

Mwishowe akasoma Fatiha, akaipulizia mikono ya Athumani. "Radhi nimekupa. Ifanyie kazi."

Halafu akaifunua shuka. Chini ya goti palikuwa na donda kubwa, limefungiwa majani. Kumbe hakuinuka kwa sababu hawezi.

"Mkono nisioufunza mimi sikuutaka uniguse," akasema. "Basi, anza na hili."

Nililia, wakuu, na sioni haya kuyaandika. Tulimleta mjini kwa machela, mimi mwenyewe nikishika mbele.

Misafara imeshuka juzi. Chumba kiko wazi, vitanda vimejaa, Athumani hana nafasi hata ya kujikuna. Donda la fundi linafunga, na mzee anawakaripia wapagazi wasionyoosha mguu vizuri. Usingizi wangu umerudi.

Nilichojifunza: ukimtaka mwanafunzi, kwanza uliza nani alimshika mkono kabla yako, ukapige hodi huko. Halua ya baba ingengoja.

Nawe unayesoma, kuna fundi uliyemwacha bila kilemba? Andika hapa chini. Wino ukiisha, niiteni. Nipo chumba cha vidonda, nimemshikia Athumani beseni.