Kigoda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Rurambo, kule milimani, bila ng'ombe hata mmoja. Walikuwa wamechukuliwa wote, na nyumba ikachomwa. Kwetu Uvira, kando ya ziwa, alikuwa halali, hali, hasemi. Muuguzi wa kituo cha afya akaniambia: "Hii haina dawa, mama. Umutoshe inje kila asubui, akae pahali pa hewa na majani. Moyo itatulia."

Niliamini upesi. Mimi ni mtoto wa ziwa; nikiwa na hasira, na ninazo nyingi, huenda kukaa ufukweni nikarudi mtu. Nikampeleka pale tunapoanika ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, nikamwekea kigoda. Wiki ya kwanza alianza kula. Siku moja hata aliomba chumvi, nami nikajisifu kwa majirani kama daktari.

Kisha nikaona kitu. Kila asubuhi nikiinama kwenye ndagala, yeye hugeuza kigoda na kulipa ziwa mgongo. Kwetu hilo halifanyiki wavuvi wakiwa bado majini, ni kuwaitia balaa, na mmoja wa wavuvi hao ni mwanawe, mume wangu. Majirani wakaanza kunong'ona. Niliona haya, na haya ikanipandisha hasira.

"Mama, utazame maji," nilimwambia. "Mutoto wako iko mule."

Nikamshika mabega, nikamgeuza. Kesho yake tena, na keshokutwa yake. Hakubisha. Angebishana na nani, naye ni mgeni katika nyumba ya mwingine? Alikaa akitazama maji asiyoyajua, mikono mapajani. Sahani yake ikaanza tena kurudi imejaa. Asubuhi moja nilipomfuata na kigoda, hakuinuka kwenye mkeka.

"Uende tu, mwanangu," akasema. "Weye uko na ziwa yako. Minye nilikuwa naangalia kwetu."

Nilikwenda nikasimama pale alipokuwa akikaa, nikalipa ziwa mgongo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Milima yote ilikuwa mbele yangu, kijani kitupu, mpaka kule juu njia ya Rurambo inakopotelea. Nilirudi mbio kumbembeleza. Hakutoka tena, na kiangazi hakijaingia tukamzika.

Najichukia kwa hilo. Mume wangu bado hunisifu mbele ya watu: eti ni mimi niliyemlinda majini, maana sikukubali hata mama yake mzazi aligeuzie ziwa mgongo.