Get Up Iliyonipandisha Gari la Wakwe

Jamani, mnaoujua mkasa huu chekeni taratibu, na msioujua acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjausikia kule stendi ya Bwera, maana kule wameshautia chumvi mpaka wanasema nilifika Kampala. Ni kweli kwamba mimi, Isa Bwambale, mtu mzima mwenye mvi na lori lake, siku ya kupokea posa ya binti yangu niliondoka nyumbani kwangu ndani ya gari la wageni, nimekaa vizuri, nimefunga mkanda, kanzu imepigwa pasi, na binti mwenyewe nimemwacha ndani ya nyumba analia. Mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwepo siku ile najifanya natafuta kitu mfukoni.

Yote yalianza na uamuzi mdogo tu. Zaituni wangu ni muuguzi pale Kasese, ndiye mtoto wangu wa pekee, na mama yake alifariki yeye bado hajaanza kutembea, kwa hiyo nimemlea kwa mikono hii hii ya kushika usukani. Alipokuja kuniambia kuna kijana anaitwa Farouk, fundi umeme, Mwislamu mwenzetu, kwao Busoga lakini amekulia kambini kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mwanajeshi, mimi nilifurahi kabisa. Ila akaongeza kwamba mama yake Farouk ni mwalimu mkuu, na nyumbani kwao wanaongea Kiingereza hata wakiombana chumvi. Hapo moyo ulinidunda. Mimi Lhukonzo cha nyumbani kwetu ninacho, Kiswahili ninacho (nabishana na Wakongomani mpakani tangu asubuhi mpaka jua linazama, wala sijawahi kushindwa), lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu trafiki tu, na hata trafiki wenyewe walikuwa wananihurumia.

"Baba, mujomba atatafsiri," Zaituni akaniambia. "Weye kaa tu, uvae kanzu, basi."

Nikasema sawa mwanangu. Lakini niliumia, nawaambia ukweli. Niliona nitakaa pale kama gunia la saruji, watu wanamzungumzia mwanangu mbele yangu na mimi nasubiri kuletewa maneno yaliyopoa. Nilitaka siku hiyo niseme neno moja juu yake, kwa mdomo wangu, kwa lugha ya wale wanaomchukua. Ndipo nikajiunga kwa siri na darasa la Madam Akello.

Huyu Madam Akello ni mke wa koplo, anafundisha wafanyabiashara Kiingereza katika ghala moja kule Nyamwamba, Kasese, baada ya sala ya alasiri, na ana mtindo wake. Hakuna daftari, hakuna ubao. "Kiingereza haikai kwa kichwa ya mutu muzima," anasema, "inakaa kwa mwili." Kila mwezi anachukua kitenzi kimoja, anakiunganisha na maneno mengine, na akitamka tu, wewe unatenda. Atakayechelewa anaruka kichura kuzunguka ghala, awe hajji, awe nani. Mwezi wa "go" tulitembea mpaka soli zikaisha. Halafu ukaja mwezi wa "get", na huo ndio ulionimaliza.

Maana "get" ni kama utingo wangu, peke yake huelewi anafanya kazi gani mpaka uone amepewa nani wa kusaidiana naye. Ukimpa "up" unasimama, ukimpa "down" unajitupa chini, ukimpa "in" unaingia (Madam alikuwa ameegesha toroli pale ndani, tunaingia mmoja mmoja), ukimpa "out" unatoka. Tulifanya hivyo siku nenda siku rudi, mimi, Hajji Sulaimani muuza magodoro, na Mustafa anayesafirisha samaki kutoka Katunguru, watu wenye vitambi, tunapanda na kushuka, mpaka ikafika mahali mwili unatii kabla sikio halijamaliza kusikia. Kuna moja tu Madam alishindwa kutuonyesha, "get over". Akasema hiyo haina mwendo, hiyo ni kumaliza huzuni, kila mtu ataifanyia kwake. Mimi siku hiyo nilitoka nje kidogo, nikasema naenda kuangalia lori. Na ile niliyoipenda ni "get along", kusikilizana, na hapo hapo nikachagua neno langu la kuwaambia wakwe: kwamba koo zetu zitasikilizana. Nililirudia barabarani kote kati ya Kasese na Bwera.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu, msije mkadhani watu walikasirika bure. Siku ya posa baba wa binti anakaa kwenye kiti chake na wazee wake pembeni, na hasimami, hata nzi waje, hata mvua inyeshe. Wageni wanajieleza, wanatiwa utani, wanajifanya hawajui walichofuata na sisi tunajifanya hatujui walikotoka, mpaka mwisho binti anatoka ndani, anamshika baba yake mkono, anasema hawa ni wageni wangu, nawajua. Hapo ndipo baba anasimama. Akisimama kabla ya hapo maana yake ni moja tu, na kila mtu anaijua: amewakataa, kikao kimekwisha, wageni washike njia. Babu yangu alimfanyia hivyo mtu mmoja, na koo zile mbili mpaka leo hazizikani.

Basi siku ikafika. Hema limefungwa, pilau iko jikoni, bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe ya kisamvu viko jikoni, na mimi kwa ujanja wangu nimemweka shemeji yangu mtafsiri kule nyuma kabisa, na pembeni yangu kama wazee wa ukoo nimewaketisha nani? Hajji Sulaimani na Mustafa, wanadarasa wenzangu. (Ndugu zangu wa damu wengi wako ng'ambo ya mpaka, na wale waliokuwepo hawakuwa na Kiingereza cha kuonyesha.) Tulijaa kwenye viti vile tumevimba.

Wageni wakaingia na gari lao dogo la abiria. Msemaji wao alikuwa Afande Muzamiru, baba mdogo wa Farouk, mstaafu, na sauti yake haijawahi kustaafu. Watu wake alikuwa anawapanga kwa Kiingereza cha gwaride, na kila akitamka "get" mimi naona goti langu linaruka ndani ya kanzu. Nilitazama upande, goti la Hajji nalo linaruka. Nikajiambia, Isa, jikaze.

Wakakaa. Salamu zikaenda vizuri, utani ukaenda vizuri, Shangazi Biira aliyekuwa msemaji wetu aliwauliza kama wamepotea njia ya kwenda kuvua samaki, watu wakacheka. Halafu Mama Farouk na kina mama wenzake wakaja mbele, wakapiga magoti kutusalimu, kwa heshima kweli, magauni yao ya gomesi yametanda kwenye mkeka. Nikaitikia. Sasa kina mama wale walikuwa watu wazima, Afande akaona magoti yatawauma, akawaambia wainuke, akasema kwa sauti ile ile ya kwenye uwanja wa gwaride:

"Get up!"

Jamani. Nilikuwa nimeshasimama. Na sikusimama peke yangu, Hajji Sulaimani amesimama, Mustafa amesimama, wote watatu kwa mpigo mmoja, mikono imebana ubavuni, macho mbele, kama tulivyofundishwa.

Nilimsikia mpishi huko nyuma akiangusha mwiko. Shangazi Biira akaweka mikono kichwani.

"Isa! Iko nini? Unafukuza bageni? Mutoto alikosa nini?"

Nilitaka kusema hapana, jamani, miguu ndiyo iliyokosea, lakini ningeanzia wapi? Wageni walikuwa wameshaelezwa desturi yetu mapema ili wasikosee. Farouk alinitazama mara moja, uso umemwishia damu, kisha akatazama chini. Na kutoka ndani ya nyumba nikasikia sauti ya Zaituni, "Baba?", neno hilo moja tu, halafu kilio. Naapa, sijawahi kuumia vile tangu siku niliyomzika mama yake.

"Nasikia," Afande akasema polepole. "Mzee nasimama. Sisi nakataliwa. Twende!"

Wakaanza kutoka, kwa utaratibu, bila kutukana mtu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikakimbia nyuma yao, kanzu nimeikunja mkononi, naita "Ngojeni! Ngojeni!", napenya katikati ya kina mama kumfikia Mama Farouk nimwombe msamaha, na nikafika mlangoni kwa gari wakati Afande amesimama pale anawaharakisha watu wake: "Get in! Get in!"

Mungu anisamehe, niliingia. Niliingia, nikakaa, nikavuta mkanda nikafunga (Madam alikuwa mkali sana juu ya mkanda). Ndani kulikuwa na vilio na vitambaa vya kufutia machozi, hakuna aliyeangalia nani amekaa wapi, Afande akapanda mbele akafunga mlango kwa hasira, dereva akaondoa gari. Tulikuwa tumeshaiacha Bwera nyuma, tumeshika njia ya Kikorongo, ndipo jirani yangu alipoteremsha kitambaa chake usoni akanitazama. Ni Mama Farouk.

"Mzee," akasema, "mbona uko kwa gari yetu?"

Dereva akafunga breki. Afande akageuka, na macho yale sitayasahau.

Nikajieleza. Nilijieleza ovyo, nikianzia Nyamwamba, nikirudi kwenye toroli, nikiruka kwenye kichura, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga zaidi, maana ni nani atakayeamini kwamba mtu amekataa posa ya binti yake kwa sababu ya magoti? Farouk peke yake ndiye aliyeanza kunitazama vizuri. Afande alinisikiliza mpaka mwisho, uso wa mbao. Halafu ghafla akafoka:

"Get down!"

Mkanda sijui niliufungua saa ngapi. Nilijikuta sakafuni katikati ya miguu ya kina mama, kofia yangu imebingirika mpaka kwa dereva.

"Get up!"

Nikainuka. Kichwa kikagonga paa. Hapo Afande alicheka, jamani, alicheka mpaka akafungua mlango akashuka akaenda kucheka nje, ameshika tumbo, na gari zima likafuata, kilio kikageuka kicheko kile kile cha machozi.

"Nani nafundisha wewe?" akauliza alipopata pumzi.

"Madam Akello, afande. Mke wa koplo."

"Huyo mama naweza funza rikruti!"

Mama Farouk peke yake ndiye hakucheka sana. Aliniokotea kofia, akaipangusa vumbi, akaniuliza kwa nini nilijitesa hivyo katika umri huu. Nikamwambia nilikuwa na neno langu nililotaka kumwambia juu ya Zaituni. Akasema, sema basi. Nikakaa sawa, nikavuta pumzi, nikalitoa lile neno langu la miezi, "Our families will get along," na jasho likanitoka.

"Asante, mzee," akasema. "Lakini mimi nimekaa kambini miaka mingi. Kiswahili nasikia vizuri. Sema na Kiswahili."

Yaani muda wote ule! Sikuwahi hata kuuliza. Basi nikamwambia kwa Kiswahili changu cha mpakani, na ajabu yake halikuwa lile nililolifanyia mazoezi. Nilimwambia, mama, huyu mtoto kila jioni ananipigia simu kuniuliza kama nimekula, tangu aende kusoma hajawahi kusahau. Akifika kwako, naye apate mtu wa kumwuliza kama amekula. Basi, ndilo hilo tu. Mama Farouk alimgusa dereva begani, gari likageuka.

Tuliporudi niliwakuta Hajji Sulaimani na Mustafa bado wamesimama pale pale (wao wanasema ni kwa aibu, mimi nina mashaka yangu). Mustafa alikuwa ameshamwaga siri yote ya darasa mbele ya Shangazi Biira, na Biira amempelekea Zaituni ndani. Wageni wakashuka, wakaingia upya, salamu zikaanza upya, Afande kila akitaka kuwaambia watu wake kitu ananiangalia kwanza, anakohoa, anasema kwa Kiswahili.

Lakini nawaambieni jambo moja, cheko lote weka kando. Mwisho Zaituni alitoka, amevaa hijabu ya kijani, macho yamevimba, akaja akanishika mkono akasema hawa ni wageni wangu, nawajua. Na mimi, niliyeruka kama springi ya godoro kwa sauti ya mtu nisiyemjua, sasa nilishindwa kusimama. Niliuangalia ule mkono kwenye mkono wangu na miguu ikakataa kabisa. Nilijua nikisimama tu, basi, ameondoka. Watu wakasubiri. Nikamsikia Shangazi Biira akisema, "Ona sasa!"

Darasani sijarudi. Madam amenitumia salamu kwamba sasa wako kwenye "take", yaani kuchukua, nikamjibu hiyo anisamehe, na nimeapa sitajifunza tena lugha yoyote kwa kutumia magoti. Wakwe wakija tunaongea Kiswahili, na Kiswahili kikiisha tunacheka.

Lakini siku ile, wakati watu wote wananingoja, Zaituni aliinama mpaka mdomo ukanigusa sikio, analia na kucheka kwa pamoja, akaninong'oneza, "Baba, get up."

Nikasimama.